Milima ya Mwezini Haikuzaliwa Kama Rungwe

Swali: Mimi ni mwalimu wa jiografia katika sekondari moja wilayani Rungwe. Tulikuwa tunasoma volkano na Kidato cha Tatu, mwanafunzi mmoja akauliza: kama Rungwe na Kyejo ilijengwa na volkano, je, milima ya mwezini nayo ni volkano zilizozimika, maana hata mashimo ya huko yanafanana na Ngozi? Mwingine akadakia: mwezini hakuna bahari, sasa urefu wa mlima wanaupima kuanzia wapi? Sikuwa na jibu la uhakika. Naomba msaada, na kama inawezekana utueleze tunavyoweza kuiona milima hiyo tukiwa huku kwetu, bila mitambo mikubwa.

Jibu: Mwalimu, pokea kwanza jibu fupi, ili hata ukiishia hapa uwe na la kuwapelekea watoto. Hapana, milima mikubwa ya mwezini si volkano. Karibu yote ilitokana na mapigo ya magimba yaliyotoka angani, yakauchimba Mwezi, yakaupasua na kuurundika. Mlima wa kilomita 5 kwenda juu ulisimama pale kwa muda wa kuhesabu kwa dakika na saa. Rungwe yetu ilihitaji maelfu kwa maelfu ya miaka. Volkano zipo mwezini, na nitazifikia, ila ni fupi na chache, na hazimo katika safu zile ndefu utakazoziona ukitazama kwa darubini ndogo.

Huyo mwanafunzi mpongeze. Wanajiolojia walibishana juu ya swali lake hilohilo tangu karne ya 19 hadi miaka ya 1960, na hata mwaka 1972 watu wawili walipelekwa mwezini kwa matarajio ya kukuta miamba ya volkano. Walichokikuta nitakieleza kwa kirefu, kwa sababu kwa maoni yangu hakuna safari ya Apollo, ule mpango wa Marekani wa kupeleka watu mwezini, inayofundisha jiolojia kuliko ile.

Tuanzie nyumbani. Watoto wa Tukuyu wamezungukwa na volkano, kwa hiyo ni rahisi kwao kudhani kila mlima umetapikwa na ardhi. Lakini wapandishe basi hadi Mbeya mjini, uwaonyeshe Loleza na kilele cha Mbeya. Safu ile imejengwa na miamba ya kale sana iliyopikwa na kukandamizwa ardhini, kisha ikanyanyuliwa pale gamba la dunia lilipopasuka kutengeneza Bonde la Ufa. Zaha, yaani mwamba ulioyeyuka unaotoka kwenye volkano, haikuijenga. Milima ya Livingstone ni hivyohivyo: ukisimama ufukweni Matema unauona ukuta umesimama karibu wima juu ya Ziwa Nyasa, lakini ukiufikia kwa nyuma, kutokea Makete, ardhi inapanda polepole tu mpaka ukingoni. Ule ni mlima wa ufa: upande mmoja umezama, mwingine umebaki juu. Kumbuka umbo hilo, ukali upande mmoja na upole upande mwingine, maana tutalikuta tena mwezini, na chanzo chake huko ni tofauti kabisa.

Mwezi hauna mabamba yanayosogea na kugongana kama gamba la dunia. Hakuna kinachoweza kukunja miamba ikawa Himalaya, wala kuupasua Mwezi polepole ukapata bonde kama la kwetu. Gamba lake ni kipande kimoja kizima, baridi na kinene. Kilicholijeruhi kilitoka nje.

Ukitaka watoto waelewe nguvu ya pigo la namna hiyo, wapeleke Mbozi. Kimondo cha pale Marengi kina uzito unaokadiriwa kufikia tani 16. Ni pande la chuma lenye nikeli ndani yake, na ukipitisha kiganja unahisi vishimo laini vilivyochongwa na joto lilipokuwa likikatiza angahewa. Wanafunzi wakifika pale huzunguka wakitafuta shimo lake, na shimo halionekani. Hapo ndipo pa kuwaeleza kwamba duniani tuna hewa inayokipunguza kasi kimondo, kisha tuna mvua, mito na mizizi inayofuta alama. Mwezini hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Jiwe hufika na kasi yake yote, ambayo kwa kawaida ni kilomita kama 20 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, jiwe la kilo 1 tu lina nishati inayozidi ile ya kilo 40 za baruti aina ya TNT. Waache wakokotoe wenyewe: nusu ya uzito mara kasi mara kasi. Kisha waambie wafikirie gimba ambalo makadirio mengine yanalipa upana wa kilomita 250.

Gimba la kiasi hicho ndilo lililochimba bonde la Imbrium, takriban miaka bilioni 3.9 iliyopita. Mwezi ukiwa mpevu, lile doa kubwa la duara, jeusi, upande wa kaskazini magharibi mwa uso wake ndilo Mare Imbrium, yaani Bahari ya Mvua. Halijawahi kuwa na maji. Ni tambarare ya zaha nyeusi, basalti, iliyopanda baadaye kupitia nyufa ikajaza shimo lililokwisha kuwepo. Shimo lenyewe lina upana wa takriban kilomita 1,150. Ukiendesha gari kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, unafika mwisho wa safari na bado ungekuwa hujalivuka.

Pigo lilipotokea, ardhi ya Mwezi ilisukumwa nje na chini, mawe yakaruka juu, mengine yakayeyuka papo hapo. Kuta za shimo lile hazikuweza kujishikilia. Zikakatika mapande makubwa, mapande yakaporomoka kuelekea ndani, na ukingo uliobaki umesimama nyuma yake ndio leo tunauita safu ya milima: Apenninus upande wa kusini mashariki, Carpatus kusini, Caucasus mashariki, Alpes kaskazini mashariki. Ukizitazama kwenye ramani unaona zinalizunguka doa lile. Apenninus ina urefu wa takriban kilomita 600, na kilele chake kirefu zaidi, Mons Huygens, kinasimama kilomita 5 na zaidi juu ya tambarare iliyo mbele yake. Upande unaotazama Mare Imbrium ni mkali. Upande wa nyuma unashuka taratibu, umefunikwa na vifusi vilivyorushwa na pigo lenyewe. Ni umbo la Livingstone juu ya Matema, ila Livingstone ilinyanyuka polepole huku Apenninus ikiwa ukingo wa jeraha la siku moja.

Kuna aina nyingine ya mlima wa pigo, na hii ndiyo iliyowachanganya wengi kwa sababu inakaa katikati ya shimo, mahali ambapo mtu wa Rungwe angetegemea kukuta koo la volkano. Kimondo kikichimba kasoko pana, sakafu iliyobanwa inaruka kurudi juu, kisha inaganda ikiwa imesimama. Tycho, kasoko ile changa ya kusini yenye miale myeupe, ina upana wa takriban kilomita 85, na katikati yake kuna mlima wa kilomita 2 hivi kwenda juu uliozaliwa kwa njia hiyo. Miamba ya vilele hivyo hutoka kina kirefu, kwa hiyo mwanajiolojia huipenda sana: inamletea juu kitu ambacho asingekifikia kwa kuchimba. Ngozi ni jambo jingine. Pale volkano ilitoa vilivyomo tumboni mwake, paa likaporomoka, maji yakajaa. Mashimo mawili yanaweza kufanana machoni na historia zao zisikutane popote.

Sasa tuje Descartes, mahali walipotua wale wawili wa mwaka 1972. Kabla ya Apollo 16, picha za setelaiti zilionyesha nyanda za juu za Descartes zikiwa na vilima vyenye mabonge na mikunjo, na kati yake tambarare laini. Wataalamu waliosoma picha hizo, na walikuwa hodari kwelikweli, wakasema vilima vile ni zaha nzito isiyotiririka mbali, na tambarare ni majivu au zaha nyepesi. Mahali pakachaguliwa kwa hoja hiyo. John Young na Charles Duke wakatua mwezi Aprili 1972, wakawa na gari la mwezini, wakapanda hadi ubavuni mwa mlima walioupa jina Stone Mountain. Saa zikapita na zaha haikuonekana. Karibu kila jiwe waliloinua lilikuwa breksia, yaani jiwe lililoundwa na vipande vya mawe mengine vilivyovunjwa na kugandamizwa pamoja: kipande cheupe pembeni mwa kipande cha kijivu, vyote vimeshikwa na ungaunga ulioyeyuka kisha ukaganda. Jiwe kubwa kuliko yote yaliyoletwa na Apollo, lenye kilo 11.7, lilitoka pale, na ni breksia. Likaitwa Big Muley, kwa heshima ya William Muehlberger aliyeongoza timu ya jiolojia ya safari ile.

Vile vilima na zile tambarare, kwa maelezo yanayokubalika zaidi leo, ni vifusi vya mapigo makubwa. Wengi wanavihusisha na Imbrium, ambayo katikati yake iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka pale. Hebu tafakari, Mwalimu: pigo moja linarusha mawe umbali huo, yakitua yanajenga mandhari ambayo mabingwa wa dunia wanaiangalia pichani na kusema hii ni volkano. Kwa hiyo mwanafunzi wako akikuuliza tunajuaje, jibu ni kwamba umbo halitoshi. Lazima ushike jiwe, ulivunje, uangalie ndani. Ndivyo tunavyofanya hata huku. Loleza ikitazamwa kwa mbali jioni ingeweza kudhaniwa volkano, mpaka ulete nyundo.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Apollo 15 ilikuwa imetua chini ya Apenninus yenyewe. Siku ile ilikuwa tarehe 30 Julai 1971, na mahali palikuwa karibu na Mons Hadley, mlima wa kilomita 4 na nusu, kando ya korongo refu lililochimbwa na zaha. David Scott na James Irwin hawakuwa wanajiolojia kwa taaluma, walikuwa marubani. Lakini walikuwa wamezungushwa milimani na majangwani na Leon Silver, profesa aliyewafundisha kuliangalia jiwe na kulieleza kwa maneno ili mtu aliye kituo cha uongozi Houston, Marekani, alione kwa masikio. Mwenzao Alfred Worden, aliyebaki akizunguka juu, alifundishwa kuusoma Mwezi kwa macho na Farouk El-Baz, mwanajiolojia Mwafrika mzaliwa wa Zagazig, Misri. Jina hilo liandike ubaoni. Watoto wetu wanapaswa kujua kwamba Mwafrika alikuwa mezani wakati maeneo ya kutua yanachaguliwa.

Kwenye mteremko wa mlima wa jirani, Hadley Delta, ukingoni mwa kasoko ndogo iitwayo Spur, wakaliona jiwe jeupe limekaa juu ya bonge la udongo wa kijivu kana kwamba limetengwa. Scott akalinyanyua, akafuta vumbi, na likameta: mistari myembamba, sambamba, ya fuwele za feldispari, madini yenye rangi nyeupe. Wakajua papo hapo wameshika nini. Jiwe lina gramu 269 tu na linaitwa Genesis Rock. Ni anothositi, mwamba ulioundwa karibu wote kwa feldispari, na umri wake unazidi miaka bilioni 4.

Kwa nini gramu 269 zilileta furaha kubwa hivyo? Kwa sababu zinaeleza milima ile imetengenezwa kwa kitu gani. Mwezi ulipozaliwa, sehemu yake ya juu ilikuwa bahari ya mwamba ulioyeyuka. Ilipopoa, madini mazito yakazama na feldispari, iliyo nyepesi, ikapanda na kutanda kama malai juu ya maziwa. Tabaka hilo likawa gamba la kwanza la Mwezi, na ndilo linaloonekana jeupe ukiutazama usiku. Mapigo yakaja baadaye, yakalivunja na kulirundika. Kwa hiyo milima ya mwezini ni mapande ya gamba la kale lililovunjwa, na ndani yake unakuta mawe ambayo duniani ni nadra sana kupata mfano wake wa umri huo, kwa kuwa hapa mabamba na mvua vimekwisha kuyasaga karibu yote.

Apollo 17, Desemba 1972, ndiyo pekee iliyompeleka mwanajiolojia halisi, Harrison Schmitt, pamoja na Eugene Cernan. Walitua kwenye bonde la Taurus-Littrow, limezungukwa na milima inayofika kilomita 2 na zaidi. Kuipanda kwa mavazi yale isingewezekana, lakini mlima wenyewe ulikuwa umewateremshia jiwe. Chini ya mlima wa kaskazini walikuta jabali kubwa limepasuka vipande vitano, na nyuma yake alama ya mburuzo ikipanda mteremko kama nusu kilomita, bado inasomeka vizuri. Wakajua limetoka wapi bila kupanda. Uchunguzi ulionyesha mwamba ule uliyeyushwa na pigo, umri wake takriban miaka bilioni 3.9. Tena si zaha.

Volkano, basi, ziko wapi? Zaha ya mwezini nyingi ilikuwa nyepesi mno kwa mtiririko. Ilimwagika ikasambaa mbali, ikatengeneza zile tambarare nyeusi badala ya kujirundika ikawa Rungwe. Mahali pachache ilijenga vilima. Mons Rümker ni kundi la vilima vya namna hiyo, lenye upana wa kilomita 70 hivi na kimo cha kilomita 1 na kidogo. Chombo cha China, Chang'e 5, kilitua jirani na hapo Desemba 2020 kikarudi na gramu 1,731 za udongo, na basalti iliyomo ilipopimwa ikakutwa na umri wa takriban miaka bilioni 2 tu, changa kuliko basalti yoyote iliyoletwa na Apollo. Kuna pia vilima viwili vya Gruithuisen, vya mwamba wenye silika nyingi, ambavyo kuwepo kwake mwezini bado hakujaelezwa vya kutosha. Kama ningeruhusiwa kuchagua mlima mmoja wa kupeleka nyundo, ningechagua hapo.

Swali la pili, la urefu. Mtoto aliyeuliza ana akili ya upimaji. Kwa kuwa hakuna usawa wa bahari, wataalamu wamechagua duara la kufikirika lenye nusu kipenyo cha kilomita 1,737.4, wastani wa Mwezi mzima, na kila kitu hupimwa juu au chini ya hapo. Kwa kipimo hicho, sehemu ya juu kabisa ya Mwezi iko upande wa nyuma tusiouona, karibu na kasoko ya Engel'gardt, mita 10,786 juu ya wastani. Inaipita Everest. Lakini ukifika pale usingejua kama uko kileleni, kwa sababu mteremko wake ni wa nyuzi 3 hivi. Ni tuta pana mno la vifusi, ambalo wengi wanalihusisha na pigo lililochimba bonde kubwa la South Pole-Aitken. Ukipima kuanzia mguuni mwa mlima hadi kichwani, Mons Huygens ni kati ya milima inayoongoza. Kwa hiyo mtu akikuambia mlima fulani wa mwezini ni mrefu kuliko Kilimanjaro, muulize kwanza amepima kuanzia wapi.

Upimaji wenyewe ulianza kabla ya roketi. Galileo, mwishoni mwa 1609, aliona nukta za mwanga ndani ya upande wa giza, akaelewa kwamba ni vilele vinavyopata Jua kabla ya bonde, kama mnavyoiona Rungwe imeshawaka asubuhi na Tukuyu bado ina kivuli. Kwa umbali kati ya nukta na mpaka wa mwanga akakokotoa urefu. Baadaye ikawa kawaida kutumia vivuli, na hili darasa lako linaweza kulifanya. Mlima ukiwa na kivuli cha kilomita 25 na Jua likiwa nyuzi 10 juu ya upeo wa pale, urefu ni 25 mara tanjenti ya nyuzi 10, yaani 25 mara 0.176. Jibu ni kilomita 4.4. Waanze na mlingoti wa bendera wa shule, kisha wahamie mwezini, hesabu haibadiliki.

Siku hizi kazi hiyo inafanywa na leza. Chombo cha Marekani kiitwacho Lunar Reconnaissance Orbiter, kilichorushwa Juni 2009, kinapiga mapigo 28 kila sekunde, kila pigo likigawanyika miale mitano, kinapima muda wa mwanga kwenda na kurudi. Ramani yake ya milima ni bora kuliko ramani za sehemu nyingi za sakafu ya bahari zetu. Mwaka 2012 vyombo viwili pacha vya GRAIL vilipima mvutano wa Mwezi na kuonyesha gamba lake lina unene wa wastani wa kilomita 34 hadi 43, limejaa nyufa za mapigo. Kazi ilipoisha, Desemba mwaka huo, viliangushwa makusudi kwenye mlima mmoja karibu na ncha ya kaskazini.

Kuna jambo hukuliuliza, lakini watoto wataliuliza wakiona picha. Wachoraji wa zamani waliichora milima ya mwezini ikiwa na ncha kali, wakidhani pasipo na mvua hakuna kinachoilainisha. Picha za Apollo zikaonyesha migongo ya mviringo, myororo. Hewa hakuna, ila vijiwe vidogo sana vinaipiga milima ile kila wakati, matetemeko huyateremsha mawe, na vumbi hujikusanya mita kadhaa kwenda chini. Kasi yake ni ndogo mno, takriban milimita 1 kwa miaka milioni 1. Linganisha na nguzo za udongo za Isimila, kule Iringa, ambazo maji yamezichonga kwa muda ambao mwezini usingeonekana kabisa. Isipokuwa kwamba Apenninus imekuwa ikisagwa kwa miaka karibu bilioni 4.

Macho ya wengi sasa yako ncha ya kusini. Mhimili wa Mwezi umeinama nyuzi 1.5 tu, kwa hiyo pale Jua halipandi. Linazunguka upeoni, vilele vinapata mwanga sehemu kubwa ya mwaka na sakafu za kasoko hazijaona Jua kwa muda mrefu usiokadirika kirahisi. Humo kuna barafu. Tarehe 9 Oktoba 2009 NASA, shirika la anga la Marekani, iligongesha kipande cha roketi kwenye kasoko ya Cabeus, na maji yakaonekana katika vumbi lililoruka. Mlima mmoja wa huko, wenye kilele bapa na urefu wa kilomita 6 hivi, ulipewa mwaka 2023 jina la Mons Mouton, kumkumbuka Melba Roy Mouton, mwanahisabati Mmarekani mweusi aliyefanya kazi NASA. Machi 2025 chombo cha Athena kilitua jirani na hapo kikalala ubavu, kazi yake ikakatika mapema. Kutua penye vivuli virefu namna ile ni kugumu. Hata binadamu hupotea. Februari 1971, mahali pengine mwezini, Alan Shepard na Edgar Mitchell wa Apollo 14 walipanda kutafuta ukingo wa kasoko iitwayo Cone wakageuka bila kuuona, na picha za baadaye zikaonyesha walikuwa wamebakiza kama mita 30. Pasipo hewa hakuna ukungu wa umbali, jabali la karibu na mlima wa mbali vinaonekana sawa.

Kuhusu kuiona kutoka kwenu: mnaweza kabisa, na nyanda za juu kusini zina anga safi sana kati ya Juni na Septemba, mkivumilia baridi. Tafuta darubini ya macho mawili, ya 10 kwa 50 inatosha, uiegemeze kwenye ukuta au nguzo ya uzio ili isitikisike. Msichague mwezi mpevu, maana Jua linakuwa juu ya milima na vivuli havipo. Chagueni mwezi wa nusu, siku ya 7 hadi ya 9 tangu uandame. Saa 3 usiku ukiutazama ukiwa umeelekea magharibi, nusu yenye mwanga itakuwa chini na kaskazini ya Mwezi itakuwa mkono wako wa kulia. Fuata mpaka wa mwanga na giza kutoka katikati kwenda kulia kidogo. Utaona mstari uliopinda wa nukta angavu, mwingine ukiingia hadi upande wa giza. Ndiyo Apenninus.

Wape karatasi wachore, waanze na vivuli kabla ya vilele, na waandike saa pembeni. Kesho yake, saa ileile, wachore tena. Vivuli vitakuwa vimefupika na tambarare ya Mare Imbrium imeanza kujitokeza mbele ya milima. Kama shule haina darubini, waulize maofisa wa wanyamapori au wapimaji ardhi wa wilaya, huenda wanazo na wakakubali kuwaazima kwa barua ya mkuu wa shule. Wakimaliza, nitumie michoro miwili mitatu iliyo bora, tukokotoe pamoja urefu wa Huygens kwa kivuli chake.